SOMO LA KUJISOMEA: KUBADILI PROGRAMU ZA OFISI BILA KUPOTEZA KUMBUKUMBU ZA CHAMA

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyama vingi vya msingi daftari hilo siku hizi liko pande mbili. Upande mmoja ni vitabu vya karatasi vilivyofungiwa kabatini, na upande wa pili ni mafaili yaliyomo ndani ya kompyuta. Orodha ya wanachama na hisa zao, mihtasari ya mikutano, mikataba ya mauzo, makisio ya mwaka na barua kwa Mrajis huandikwa na kutunzwa humo. Lakini kompyuta huzeeka, na programu za kuandikia hupitwa na wakati. Hufika siku ambapo chama hakina budi kuweka programu mpya mahali pa ile ya zamani. Siku hiyo ni ya kuangaliwa kwa makini kama ile ya kukabidhiana ofisi kati ya meneja anayetoka na meneja anayeingia.

Baada ya kulisoma somo hili, wajumbe wa kamati, meneja na karani wa chama wanatazamiwa waweze:

(a) kueleza tofauti iliyopo baina ya programu, faili na muundo wa faili;
(b) kutaja mambo yanayoweza kubadilika kimyakimya programu inapobadilishwa;
(c) kufuata hatua za kuhamisha kumbukumbu na kuthibitisha kwamba hakuna kilichopotea.

1. SABABU ZA KUBADILI PROGRAMU

Haifai kubadili programu kwa kuwa tu jirani amebadili. Hata hivyo zipo sababu za haki. Ya kwanza ni usalama. Kila mtengenezaji wa programu huitunza kwa muda fulani, akiziba kasoro zinazogunduliwa, kisha huacha. Microsoft iliacha kuitunza Office 2003 mwezi Aprili 2014, Office 2010 mwezi Oktoba 2020, na matoleo ya 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Muda huo ukipita programu haizimiki. Huendelea kuandika barua kama kawaida. Lakini kasoro mpya zitakazogunduliwa hazitazibwa, na kompyuta iliyounganishwa na intaneti hubaki kama ghala lisilo na komeo.

Sababu ya pili ni kuharibika kwa kompyuta. Kompyuta mpya huja na programu mpya, na pengine diski ya programu ya zamani haionekani tena. Ya tatu ni gharama. Vyama vingine huhamia LibreOffice, programu iliyoanzishwa mwaka 2010 na inayotolewa bila malipo, ili kuepuka ada ya kila mwaka. Sababu yoyote iwayo, kazi ya kulinda mafaili ni ile ile.

2. PROGRAMU, FAILI NA MUUNDO

Ichukuliwe mfano wa karani aliyeandika mihtasari yote ya chama kwa hatimkato. Karani huyo akiondoka, madaftari yake hubaki, wino haukufutika wala karatasi haikupotea. Lakini asiyejifunza hatimkato ataona mistari na vitone tu. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Faili ni daftari, muundo wa faili ni hati iliyotumika kuandikia, na programu ndiye msomaji. Faili linaweza kuwa zima kabisa, na bado lisisomeke kwa kuwa msomaji wake hayupo.

Muundo wa faili hutambulika kwa herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina lake. Programu za Word za kuanzia mwaka 1997 hadi 2003 ziliandika mafaili yanayoishia na .doc, na Excel ya miaka hiyo iliandika .xls. Mwaka 2007 Microsoft ilileta miundo mipya, .docx na .xlsx. LibreOffice ina miundo yake, .odt kwa maandishi na .ods kwa majedwali, ambayo imekuwa kanuni ya kimataifa tangu mwaka 2006.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Kufuta herufi .doc katika jina na kuandika .docx hakubadili chochote ndani ya faili. Ni sawa na kubandika lebo ya kahawa juu ya gunia la mahindi. Muundo hubadilika pale tu programu yenyewe inapolifungua faili na kulihifadhi upya kwa muundo mwingine.

Kwa kawaida programu mpya huweza kusoma mafaili ya zamani, lakini programu ya zamani haisomi mapya. Word ya kisasa ikifungua faili la .doc, huandika juu ya skrini maneno ya Kiingereza "Compatibility Mode". Maana yake ni kwamba programu imekubali kufuata masharti ya faili la zamani, nayo imezima mambo mapya ambayo faili hilo haliwezi kuyabeba. Hiyo si dalili ya ubovu. Karani asiharakishe kulibadili faili ili tu maneno hayo yaondoke, hasa ikiwa kompyuta ya pili ya chama bado inatumia programu ya zamani.

Neno "kwa kawaida" si "siku zote". Mwezi Septemba 2007 Microsoft ilitoa kifurushi cha tatu cha marekebisho ya Office 2003. Kifurushi hicho kilizuia kufunguliwa kwa mafaili ya miundo ya zamani zaidi, yakiwamo ya Word za kwanza na ya programu ya hesabu iitwayo Lotus 1-2-3, kwa sababu za usalama. Watumiaji waliosasisha programu ile ile waliyokuwa nayo walikuta mlango umefungwa. Malalamiko yalikuwa mengi, na Januari 2008 kampuni ilitoa njia nyepesi ya kuondoa kizuizi hicho. Funzo lake ni hili: hata bila kununua programu mpya, marekebisho ya kawaida yanaweza kugusa haki ya kusoma kumbukumbu za zamani.

3. FUNZO KUTOKA UINGEREZA, MWAKA 2020

Hasara iliyo mbaya kuliko ya faili lisilofunguka ni ya faili linalofunguka likiwa pungufu. Lisilofunguka hupiga kelele, lakini lililopungua hunyamaza.

Mapema mwezi Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hawakuingizwa katika taarifa za kila siku za kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba. Majibu ya maabara yalikuwa yakihamishiwa katika mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, .xls. Muundo huo haupokei zaidi ya mistari 65,536 katika jedwali moja. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Muundo mpya wa .xlsx, uliokuwapo tangu mwaka 2007, hupokea mistari 1,048,576. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati, na siku kadhaa zilipotea katika ugonjwa ambao kila siku ilikuwa na thamani.

Mtu anaweza kudhani kwamba habari hiyo ni ya mataifa makubwa tu. Ipigwe hesabu. Chama kikuu chenye vyama vya msingi 40, kila kimoja kikiwa na wanachama 412, na kila mwanachama akipeleka mazao ghalani mara nne kwa msimu, kitakuwa na mapokezi 65,920. Mapokezi hayo yakipangwa katika jedwali moja la .xls, hata bila kuhesabu mstari wa vichwa vya safu, 384 hayatapata nafasi. Nyuma ya kila mstari usioandikwa yupo mkulima anayesubiri malipo yake. Programu huweza kutoa onyo, lakini onyo halisaidii ikiwa anayeketi mbele ya skrini hubonyeza "ndiyo" bila kulisoma.

4. MAMBO YANAYOBADILIKA KIMYAKIMYA

Mbali na muundo wa faili, kila programu ina mipangilio yake, nayo programu mpya huja na mipangilio ya kiwandani. Yafuatayo yaangaliwe kwa makini.

Tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huweka mwezi kabla ya siku. Tarehe iliyoandikwa 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa karani wa Tanzania, lakini kompyuta hiyo itaipokea kuwa 4 Machi. Katika mkopo wenye riba, mwezi mmoja ni fedha.

Sifuri za mwanzo na namba ndefu. Orodha ikihamishwa kwa njia ya faili la maandishi matupu, yaani .csv, na kufunguliwa moja kwa moja katika Excel, namba ya uanachama 0047 hugeuka 47, na namba za simu hupoteza sifuri ya kwanza. Hatari kubwa zaidi ni Namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na kuzigeuza zinazofuata kuwa sifuri. Tarakimu zilizogeuzwa hivyo hazirudi tena faili likishahifadhiwa. Dawa yake ni kuiambia programu, kabla ya kuingiza orodha, kwamba safu hiyo ni ya maandishi na si ya namba.

Aina ya herufi. Hadi toleo la 2003, Word ilianza kila barua kwa herufi za Times New Roman. Tangu toleo la 2007 ilitumia Calibri, na matoleo ya miaka ya karibuni huanza na Aptos. Faili likifunguliwa katika kompyuta isiyo na herufi zilizotumika, programu huweka nyingine zinazokaribiana. Mistari husogea, na mkataba wa kurasa sita huwa na kurasa saba, pengine ukurasa wa saini ukabaki peke yake bila sharti hata moja juu yake. Kwa hiyo mkataba uliokwisha kutiwa saini usitegemee programu ya kuandikia. Uhifadhiwe kwa karatasi, na nakala yake iwekwe katika muundo wa PDF, ambao hufunga mpangilio wa kurasa pamoja na herufi zake.

Makro. Haya ni maagizo yaliyofichwa ndani ya faili ili kazi ijifanye yenyewe, kama vile kukokotoa makato ya kila mwanachama. Faili la .xls huweza kubeba makro, lakini faili la .xlsx haliwezi, linalobeba ni.xlsm. Karani akihifadhi bila kuangalia, jedwali litabaki na namba zake lakini halitafanya tena kazi iliyozoeleka. Aidha, makro zilizoandikwa kwa Excel si zote zinazofanya kazi katika LibreOffice.

Violezo na kamusi. Barua yenye nembo ya chama, fomu ya maombi ya mkopo na muhtasari wa mkutano huwa na violezo vyake. Mara nyingi violezo hivyo havikai pamoja na barua, bali katika kabrasha la programu yenyewe, na humo ndimo husahaulika. Word ya zamani ilitunza kiolezo chake kikuu kwa jina Normal.dot, na ya sasa hutumia Normal.dotm. Kamusi ndogo ambayo karani ameijaza majina ya vijiji na ya wanachama nayo iko mbali na barua. Vyote vitafutwe na kunakiliwa kabla kompyuta ya zamani haijafutwa.

Nywila. Faili lililofungwa kwa nywila halitafunguka katika programu mpya kwa sababu tu chama ni mwenye mali. Ikiwa nywila inajulikana na mtu mmoja peke yake, chama kimeweka ufunguo wa kasha lake katika mfuko wa mtu.

5. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: kuorodhesha. Karani aandike kwenye karatasi mafaili yote muhimu, muundo wa kila moja, lilipo, na nywila yake ikiwa ipo. Orodha yenye nywila ifungwe katika bahasha na kuwekwa ndani ya kasha la fedha.

Hatua ya pili: kunakili. Nakala mbili za mafaili yote, pamoja na violezo, zitolewe. Moja ibaki ofisini, nyingine itunzwe nje ya jengo la ofisi, mahali palipokubaliwa na kamati. Nakala hizi zisiandikwe tena chochote, kwa kuwa ndizo ushahidi wa hali ilivyokuwa.

Hatua ya tatu: kuweka alama za kukagulia. Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Ichukuliwe kuwa chama kina wanachama 412, namba zao zikienda kuanzia 1 hadi 412 bila pengo, na kila mmoja ana hisa za Sh. 45,000. Kabla ya kuhamisha, karani aandike mambo matatu:

- idadi ya wanachama: 412;
- jumla ya hisa: Sh. 18,540,000;
- jumla ya namba za uanachama zenyewe: 85,078.

Jumla ya tatu haina maana yoyote ya fedha. Wakaguzi huiita jumla ya udhibiti. Baada ya kuhamisha, hesabu zile zile zifanywe katika faili jipya. Ikiwa wanachama ni 411, hisa ni Sh. 18,495,000 na jumla ya udhibiti ni 84,931, basi mmoja ameachwa nje. Tofauti ya 85,078 na 84,931 ni 147. Aliyepotea ni mwanachama namba 147, naye amejulikana bila kusoma majina yote. Pale ambapo namba za uanachama zina mapengo, njia hii bado inafaa, maadamu jumla ya kwanza imeandikwa kabla.

Hatua ya nne: kujaribu. Programu mpya iwekwe kwanza katika kompyuta moja. Mafaili machache ya kila aina yafunguliwe kutoka katika nakala, si ya asili. Barua moja ichapishwe, na iwekwe kando ya ile iliyochapishwa zamani ili zilinganishwe. Fomula za jedwali la mikopo zijaribiwe kwa mkopo ambao jibu lake linajulikana.

Hatua ya tano: kuhamisha. Faili linalohitajiwa kila siku lihifadhiwe kwa muundo mpya na kwa jina linaloonyesha tarehe. La zamani lisifutwe. Yale yasiyohitaji kuandikwa tena, kama mihtasari iliyothibitishwa, yaachwe kama yalivyo, na nakala zake za PDF zitolewe.

Hatua ya sita: kwenda pamoja. Kwa mwezi mmoja, au hadi kufunga hesabu za mwezi, kompyuta yenye programu ya zamani isiuzwe wala isifutwe. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatua ya saba: kuthibitisha. Karani na mtu wa pili asiyefanya kazi hiyo watie saini hati fupi yenye alama zote za kukagulia, za kabla na za baada. Hati hiyo iingizwe katika jalada la ukaguzi.

Endapo faili la zamani litakataa kufunguka, isidhaniwe mara moja kwamba limekufa. LibreOffice husoma miundo mingi ya miaka ya nyuma, ikiwamo baadhi ambayo Word ya sasa huizuia. Lijaribiwe humo, tena kwa kutumia nakala.

6. WAJIBU WA KAMATI

Yapo mazoea ya kumwachia kijana mmoja "anayejua kompyuta" shughuli yote. Ujuzi wake ni wa kuheshimiwa, lakini kumbukumbu si zake. Ni za wanachama, na mbele ya mkaguzi wa hesabu anayeulizwa ni chama. Kamati si lazima ijue kubonyeza. Ni lazima ijue kuuliza. Uamuzi wa kubadili programu uandikwe katika muhtasari, ukitaja sababu, gharama, siku ya kuanza na majina ya wahusika. Ada ya kila mwaka, kama ipo, iingizwe katika makisio, isije ikawa programu inafungwa katikati ya msimu kwa kukosa malipo. Tena siku ya kubadili isiwe ya msimu wa ununuzi wala ya wiki ya kufunga hesabu.

Zaidi ya yote, kitabu cha karatasi cha wanachama kiendelee kujazwa. Chombo chochote kinaweza kukosea. Kitabu na kompyuta vikitofautiana, ndipo chama hujua kwamba pana jambo la kutafuta.

7. MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA VIKUNDI

1. Orodhesheni mafaili matano ambayo chama chenu hakiwezi kuendesha kazi bila hayo. Kila moja liko katika muundo gani, na nakala yake ya pili iko wapi?

2. Ni nani wanaojua nywila za mafaili ya chama? Mmoja wao akihama leo, kazi itaendeleaje kesho?

3. Pigeni jumla ya udhibiti ya namba za wanachama wenu, kwanza kutoka katika kitabu, kisha kutoka katika kompyuta. Je, zinalingana? Kama hazilingani, tofauti ni namba gani?

4. Fungueni orodha yenye namba za vitambulisho na mtazame tarakimu tano za mwisho. Je, zipo zilizokuwa sifuri tupu?

5. Tafuteni katika muhtasari siku ambayo programu mnayotumia sasa iliamuliwa. Ikiwa haikuandikwa popote, kamati ifanye nini katika mkutano ujao?

Kikundi kitakachoona tofauti katika swali la tatu au la nne kisirekebishe chochote kwanza. Kitoe nakala ya faili, kiandike kilichoonekana pamoja na tarehe, kisha kimjulishe meneja wa chama na Afisa Ushirika wa wilaya.